Kukompaili keneli ya Raspberry Pi kwa laptopu: yaliyonikuta Lubumbashi

Kuna shule moja huku Katuba inayotumia Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, ile iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na prosesa ya viini vinne na RAM ya GB 1 tu. Kazi yake ni kuwagawia wanafunzi Wikipedia iliyohifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, bila mtu kununua mega za intaneti. Wi-Fi yake ya ndani haifiki darasa la mwisho, kwa hiyo shule ikanunua antena ya USB. Antena ilikuja na draiva (programu inayoiendesha) ya msimbo chanzo peke yake, yaani maandishi ambayo bado hayajakompailiwa kuwa programu, na aliyeiandika aliiacha tangu enzi za keneli (kiini cha mfumo wa Linux) ya toleo 4.19. Kadi yetu ilikuwa na keneli mpya zaidi, na draiva ikaikataa. Nikaamua kurudi 4.19, yaani kuijenga mwenyewe.

Unaweza kuijenga kwenye Pi yenyewe. Lakini kwa RAM ya GB 1 ni kazi ya saa nyingi, na mtaani kwetu delestaji, mgao wa umeme, haimsubiri mtu amalize. Laptopu yangu ina betri, ila prosesa yake ni ya Intel, na Pi ni ARM, aina mbili zisizoelewa programu za mwenzake. Ndiyo maana ya kukompaili kwa kuvuka: mashini moja inatengeneza programu itakayokimbia kwenye mashini nyingine. Kwenye Debian 11, mfumo wa Linux wa laptopu yangu, unaweka kifurushi cha gcc-aarch64-linux-gnu, pamoja na bc, bison na flex, kisha ndani ya folda ya keneli unaiita make, programu inayosimamia ujenzi:

make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- bcmrpi3_defconfig

make -j4 ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- Image modules dtbs

Kistari cha mwisho baada ya gnu si cha urembo. Make inabandika pale majina ya zana, gcc (kompaila), ld (inayounganisha vipande) na kadhalika. Na ARCH irudiwe kila mara, hata kwa menuconfig, menyu ya kuchagua mipangilio. Ukiiacha, make inadhani unajengea laptopu na kukupangia upya faili la mipangilio, .config, kwa x86, yaani Intel.

Msimbo wenyewe niliupata kwa rafiki aliyekuwa ametunza nakala ya msimbo wa Raspberry Pi, tawi rpi-4.19.y, ya mwaka 2019, faili moja la tar. Nilishukuru, maana git clone, amri ya kupakua msimbo mtandaoni, ikikatika katikati inaanza upya, na mega zilizoliwa hazirudi. Lilikuja kwa flashi. Faili hilo libebe kwa flashi upendavyo, ila usilifungulie humo. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, ambazo hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, na keneli ina mafaili kama xt_MARK.h na xt_mark.h katika folda moja. Moja litamfunika mwenzake na hutaambiwa. Fungua kwenye diski ya ext4, mpangilio wa Linux unaozitofautisha, na njia ya folda isiwe na nafasi katikati ya majina.

Halafu kuna suala la lugha. Laptopu zetu hapa zinazungumza Kifaransa, na make ilinijibu «Aucun fichier ou dossier de ce type», yaani hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Ukitafuta msaada kwa maneno hayo unapata kidogo sana. Majibu mengi yameandikwa chini ya ujumbe wa Kiingereza. Dawa inayojulikana ni kutanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, ili zana zijibu kwa Kiingereza. Kwa keneli haitoshi: Makefile yake, faili la maelekezo ya make, inaiondoa LC_ALL kabla ya kuita zana nyingine, kwa hiyo make inasema Kiingereza na gcc inaendelea na Kifaransa chake. LANG=C ndiyo iliyofanya kazi.

Ujumbe ulipobadilika lugha ukawa huu: openssl/bio.h haipatikani. Wazo la kwanza la mtu yeyote ni kutafuta OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ya ARM. Mdogo wangu (huku ndugu mkubwa huitwa yaya), ambaye hajawahi kukompaili kitu, alikuwa ameinama begani kwangu akauliza: «Yaya, hii kosa inatoka ku mashini gani?»

Swali hilo ndilo lililonivusha katika kazi yote. Kila mstari wa make unaanza na neno. CC ni kompaila ya ARM inayotengeneza keneli. HOSTCC ni kompaila ya laptopu, inayotengeneza vijiprogramu vya kusaidia ujenzi, na hivyo vinakimbia papa hapa, havifiki kwenye Pi kamwe. Mstari uliokufa ulikuwa HOSTCC scripts/extract-cert. Basi OpenSSL inayotakiwa ni ya laptopu: apt install libssl-dev, kwisha.

Kosa lililofuata lilikuwa «multiple definition of yylloc», katika scripts/dtc. Tena HOST. Msimbo wangu ni wa 2019, na Debian 11 ina GCC 10, iliyotoka 2020. Kuanzia toleo hilo GCC haivumilii tena kigezo kimoja kutangazwa katika mafaili mawili bila extern, neno la kusema kwamba kimewekwa faili jingine. Nilifungua scripts/dtc/dtc-lexer.l, mbele ya YYLTYPE yylloc nikaweka extern, ikapita. Nakala mpya zaidi zimeshasahihishwa.

Baada ya hapo mistari ya CC ilishuka kama mvua ya Januari, mpaka umeme ulipokatika na betri nayo ikaisha. Make kwa kawaida inaendelea ilipoishia. Safari hii ld ikalalamika kwamba faili fulani la .o, kipande kilichokwisha kukompailiwa, halitambuliki. Lilikuwa na baiti sifuri: laptopu ilizimika kabla ya diski kuandika, lakini kwa tarehe lilionekana jipya, make ikaliruka. Amri hii iliondoa yote ya namna hiyo bila kuanza upya:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kusakinisha hakukuwa na shida. Image, yaani keneli yenyewe, niliinakili kwenye sehemu ya boot ya kadi kwa jina jaribio.img na kuongeza kernel=jaribio.img ndani ya config.txt, keneli ya zamani ikabaki pale pale, tayari kwa siku mbaya. Moduli, vipande vya keneli vinavyopakiwa baadaye, ziliingia kwa modules_install na INSTALL_MOD_PATH, na faili la dtb, linaloieleza keneli vifaa vya Pi, likawa la ujenzi huohuo.

Ilibaki draiva. Nilihamishia folda nzima ya keneli kwenye Pi ili niijengee kule, na Pi ikasema: scripts/basic/fixdep: Exec format error. Kufikia hapo sikuhitaji kumuuliza mtu. Fixdep ilizaliwa na HOSTCC, ni ya Intel. Pi haiwezi kuikimbiza. Nikarudi kwenye laptopu, nikaijenga draiva kule kwa amri ileile nikiongeza M= na njia ya folda yake, nikabeba faili la .ko, moduli iliyokamilika, peke yake. Kabla ya insmod, amri ya kuipakia, niliitazama kwa modinfo: neno la kwanza la vermagic, alama ya toleo la keneli iliyojengewa, linapaswa kufanana na toleo linaloonyeshwa na uname -r herufi kwa herufi, hata alama ya + mwishoni, la sivyo moduli inaweza kukataliwa. Vilifanana, na mtandao sasa unafika darasa la mwisho. Antena inapata joto kidogo mchana, kwa hiyo tumetoboa kisanduku chake matundu.