Siku moja maishani mwangu: kyureti katika thieta (chumba cha upasuaji) ya mifupa, Moshi

Saa 12:40 asubuhi. Mlima bado umejifunika mawingu. Nafungua seti ya kyureti, vile vijiko vya chuma vya kukwangulia mfupa, na kuzungusha kimoja kimoja chini ya taa. Ukingo mkali haurudishi mwanga. Ukiona uzi mweupe unameta, hapo ni butu. Kyureti butu huteleza, daktari huongeza nguvu, na mfupa uliolainishwa na usaha hutoboka. Namba 2 inameta, naitenga.

Saa 2:00. Karatasi ya kipimo imegeuka rangi: otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ilifika nyuzi 121 kwa dakika 30. Kifurushi kingekuwa na unyevu ningekirudisha, maana kitambaa kibichi hupitisha vijidudu.

Saa 3:15. Muundi wa mtoto, usaha wa muda mrefu ndani ya mfupa. Daktari anafungua dirisha kwenye mfupa, anatoa kipande kilichokufa, kisha ananyoosha mkono bila kuinua macho. Namkabidhi kubwa, mpini kwanza. Kinachotoka ni cha kijivu na kinamomonyoka. Kila kijiko kinachorudi nakifuta kwa gozi (kitambaa chepesi cha vidonda) yenye maji, vinginevyo uchafu unarudi shimoni.

"Sista, ndogo zaidi."

"Hii hapa, dokta."

Sasa yuko karibu na goti, na mkono wake umekuwa mwepesi: gegedu linalorefusha mfupa likikwanguliwa, mguu utabaki mfupi. Anaendelea mpaka mfupa utoe vitone vya damu. Hapo ndipo penye uhai, anaacha.

Makwangu ya kwanza yaende kwenye chupa kavu isiyo na vijidudu, ya kuotesha bakteria. Mengine kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi sampuli. Ukiyatia yote kwenye formalini umeua bakteria, na maabara haitaotesha kitu.

Saa 6:30. Hapa ndipo vyombo vingi hufia. Watu huviloweka kwenye jiki, wanaenda kula, wanakuta chuma kimetoboka vishimo. Damu huondolewa kwa maji baridi, kwa sababu ya moto huigandisha. Kisha sabuni ya vimeng'enya, na brashi ya nailoni ndani ya maji ili yasikurukie usoni. Sugua shingo, pale kijiko kinapoungana na mpini: chembe za mfupa hujibana hapo. Suuza kwa maji yaliyochujwa madini. Ya bomba huacha madoa.

Saa 9:00. Namba 2 naipeleka kwa fundi wa vifaa tiba na karatasi imeandikwa "kunoa". Tupa ya kawaida haifai, itaharibu umbo la kijiko.