Ninapanda ili viwavi wale

Katika mtaa wetu wa Saint Paul, Minnesota, ua wa nyumba yangu ndio wenye majani yaliyojaa matobo, nami huyakagua matobo hayo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mmea wenyewe ni asklepia, ambao Wamarekani huuita gugu la maziwa kwa sababu ya utomvu mweupe unaochuruzika jani linapokatwa. Viwavi wa kipepeo monaki, yule mwenye mabawa ya rangi ya machungwa na mistari myeusi, hawana chakula kingine. Mtu anaweza kujaza ua wake waridi na petunia, akaona vipepeo wakija kunywa nekta, na bado asipate kiwavi hata mmoja, kwa kuwa jike hutafuta jani la kulisha watoto wake ndipo atage.

Hilo sikujifunza Marekani. Nilikulia Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, hununua pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga tayari kugeuka vipepeo, kutoka kwa wakulima na kuziuza ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mama mdogo alikuwa mmoja wa wafugaji hao, naye alipanda miti ya msituni nyuma ya jiko, huku mimi nikishindwa kuelewa kwa nini viwavi wa mahindi tuliwaponda na hawa tuliwakatia majani.

Mwaka wangu wa kwanza hapa uliharibika. Nilinunua miche sita dukani, nikafurahi kuona mayai, kisha viwavi wakaanza kulegea na kuanguka mmoja mmoja. Niliporudi kuuliza, nikaambiwa kwamba miche ilikuwa imetiwa dawa ya wadudu, ile inayosambaa ndani ya mmea mzima. Tangu hapo naotesha mwenyewe. Mbegu zake huota vizuri zikishapitia baridi, kwa hiyo huzimwaga udongoni mwezi Novemba theluji izifunike, au huzifunga katika karatasi nyevu na kuziweka kwenye friji mwezi mzima. (Mke wangu ana maoni yake kuhusu friji hiyo.)

Kinachonikalisha uani ni ulaji wao. Kiwavi mchanga, mdogo kuliko punje ya mchele, hutafuna kwanza kijiduara juu ya jani ili utomvu ule unaonata umwagike pembeni, ndipo ale sehemu ya katikati. Akishakua hung'ata kikonyo, jani likalegea na kuning'inia, naye akalila akiwa kichwa chini. Baada ya wiki mbili hivi hujining'iniza, akageuka pupa ya kijani yenye vitone vya dhahabu.

Vipepeo wanaotoka kwenye pupa mwishoni mwa Agosti kwa kawaida hawatagi kwanza. Huruka karibu kilomita 3,000 hadi misitu ya milimani ya Meksiko, ambako wao wala mama zao hawajawahi kufika.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mama mdogo, nikamweleza kwamba nina pupa kumi na moja. Akauliza huku zinanunuliwa bei gani. Nilipomjibu kwamba hakuna anayenunua, nazifuga tu kisha naziachia, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole kama kazini bado naenda.