Kuchora mandhari Mbuga ya Nairobi: jua halikusubiri, na gari ndiyo studio

Aliyezoea kutandaza vifaa vyake vya kuchora kwenye msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum jijini, akija Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hukuta sheria inayobadilisha kila kitu: hushuki garini popote unapotaka. Mbuga ina kilomita mraba 117 na imekuwepo tangu 1946, lakini mahali pa kusimama kwa miguu yako ni pachache. Kuna eneo la kumbukumbu ya kuchomwa kwa pembe za ndovu mwaka 1989, kilima cha Impala, Kingfisher, Mokoyeti, na kijia cha Hippo Pools unakotembea na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Kwingine kote unachora ukiwa umeketi ndani ya gari, kwa hiyo amua kabla ya kufika getini kama leo ni siku ya stendi ya kuchorea au siku ya kiti cha gari.

Kitu cha pili cha kuamua ni saa. Jua la Nairobi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Hapa karibu na ikweta halipandi kwa mshazari, hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Ikifika saa tatu na nusu kivuli cha mgunga kinakaribia kulingana na urefu wa mti wenyewe, kisha kinarudi chini ya matawi na uwanda wote unapoteza umbo. Asubuhi basi una muda wa kama saa mbili tu wenye faida, halafu tena kuanzia saa kumi jioni, ukitoa muda wa kuendesha hadi getini kabla halijafungwa.

Muda wa saa mbili hautoshi turubai ya sentimita 50 kwa 70. Chukua 20 kwa 25, au hata 15 kwa 20. Hadibodi ya milimita 3 iliyokatwa na fundi wa mbao inafaa kabisa: ipige msasa, paka jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara mbili, na usisahau upande wa nyuma, maana upande mmoja ukipakwa peke yake ubao hupinda. Paka mkono wa mwisho rangi ya kahawia iliyofifia. Ubao mweupe juani unaumiza macho, na kila rangi unayoweka juu yake inaonekana ya giza kuliko ilivyo.

Kabla ya kufungua rangi, chora kwa penseli vichoro vitatu vidogo, ukubwa wa kiberiti, kila kimoja kwa viwango vitatu tu: mwanga, kati, giza. Finya macho unapotazama. Kichoro kisichosimama kwa viwango vitatu hakitaokolewa na rangi. Ukishachagua, weka vivuli vyote kwanza na uandike saa nyuma ya ubao. Kuanzia hapo usiviguse tena, hata vikihama. Picha nyingi za asubuhi huharibika kwa sababu mti wa kushoto una kivuli cha saa moja na wa kulia una cha saa tatu.

Wengi hukwepa Julai kwa sababu ya baridi na mawingu. Kwa maoni yangu ndio mwezi bora wa kujifunza: mwanga ni wa kijivu, vivuli ni hafifu, na unaweza kukaa na mandhari moja hadi adhuhuri bila kukimbizana na jua. Jambo la kukumbuka ni kwamba Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, na majengo ya jiji nayo yako kaskazini mwa mbuga. Siku mawingu yakifunguka mchana, utayaona majengo yakiwa giza mbele ya anga. Desemba jua limehamia kusini, nyuma ya mgongo wako, na kuta zilezile zinang'aa. Machi na Septemba, yapata saa sita na nusu mchana, jua liko utosini, kula chakula.

Kuhusu rangi, tyubu sita zinatosha: nyeupe ya titani, manjano ya kadimi, okra (manjano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), ultramarini (buluu) na nyekundu ya alizarini. Kijani cha tyubu kiache nyumbani. Kijani cha mbuga hii kina vumbi ndani yake, na utakipata kwa okra na ultramarini, ukikitia siena kikizidi ukali. Nyasi za Februari si za manjano kama zinavyodhaniwa: changanya okra na nyeupe nyingi, kisha tone la zambarau ya ultramarini na alizarini kuiua ile manjano. Udongo mweusi baada ya mvua ni siena na ultramarini, na ni udongo huohuo unaonasa magari, basi usiuendee kwa karibu. Milima ya Ngong ni ultramarini na nyeupe yenye chembe ya siena. Ifanye nyepesi kuliko unavyotaka, hasa chini, ambako vumbi la uwanda linafuta mguu wa mlima.

Mgunga huwashinda watu kwenye matundu. Vipande vya anga vinavyoonekana katikati ya majani vinapaswa kuwa na giza kidogo kuliko anga iliyo wazi, la sivyo vitaonekana vimebandikwa juu ya mti. Kumbuka pia mpangilio wa jumla: anga ndiyo nyepesi zaidi, ardhi tambarare inafuata kwa kuwa inapokea mwanga kutoka juu, na vitu vilivyosimama wima ndivyo vyenye giza zaidi.

Kuna tabia ya kufuta daraja la reli ya SGR na maghorofa ili mbuga ifanane na Maasai Mara. Sikubaliani nayo. Hakuna kitu kinachopima umbali wa uwanda huu vizuri kama nguzo za daraja hilo. Shika penseli kwa mkono ulionyooka, pima nafasi kati ya nguzo mbili za karibu, kisha mbili za mbali. Nafasi hupungua haraka kuliko jicho linavyokubali, na nguzo zikipangwa kwa vipimo sawa daraja zima huonekana ua wa shamba. Wanyama waje mwisho. Wachore kando kwenye daftari, na kongoni wa mbali apate mguso mmoja wa brashi, si miguu minne.

Ukiwa ndani ya gari, tumia rangi za maji. Tapentaini ndani ya gari lililofungwa madirisha huleta kichwa kuuma, na madirisha utayafunga simba wakiwa karibu. Kaa kiti cha abiria, ubao mapajani, injini imezimwa kwa sababu mtetemo unaharibu mistari. Karatasi iwe ya gramu 300. Januari hewa ni kavu kiasi kwamba rangi ya anga hukauka upande mmoja kabla hujafika wa pili na kuacha mstari mgumu. Andaa rangi nyingi kuliko unayohitaji, na lowesha karatasi pande zote mbili. Akriliki ina shida ileile, kwa hiyo kinyunyizio cha maji kisikae mbali na paleti, kibao cha kuchanganyia rangi.

Nje, kwenye stendi, ubao na paleti viwe kwenye kivuli kimoja. Ukichora ubao ukiwa juani utachanganya rangi za giza mno, na nyumbani picha itakuwa imezimika. Ndani ya kibanda chenye kiza utakosea kinyume chake. Mwavuli uwe mweupe au wa kijivu, kwani mwekundu unapaka ubao wote wekundu. Ning'iniza mfuko wa kitambaa wenye mawe katikati ya stendi kabla upepo haujaanza. Chakula kibaki garini, nyani wanajua mikoba.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi mbugani. Beba maji kwenye chupa ya chuma na tapentaini kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Maji machafu ya kadimi hayamwagwi kwenye nyasi, yanarudi nawe.

Ubao wa mafuta ulio mbichi usafirishe ukitazamana na mwenzake, vipande vya katoni vya milimita 5 kwenye pembe nne, na mpira wa kufunga kuzunguka. Tyubu zisiachwe kwenye dashibodi, joto hutenganisha mafuta na rangi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvirundika kwenye buti: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Ukifika nyumbani vitandaze kimoja kimoja nje hadi vikauke vikawa vigumu, ndipo uvitupe.