Kerneli ikifa kila mara mahali papya, anza na RAM

Kabla hujamlaumu aliyeandika draiva (programu inayoendesha kifaa), kusanya ripoti tatu au nne za mashine kuanguka, uzisome pamoja. Kwenye Linux, `journalctl -k -b -1` hutoa ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, wa uwashaji uliotangulia. Ikiwa logi inakatika kabla ya kosa, washa netconsole itume ujumbe kwa mtandao (UDP) kwenye kompyuta nyingine.

Katika kila ripoti, tazama mstari wa RIP, unaotaja fanksheni iliyokuwa kazini. Ikiwa ni ileile kila siku, shuku programu. Leo mfumo wa faili wa ext4, kesho kadi ya mtandao, keshokutwa mahali pengine kabisa? Shuku vifaa. Draiva inayoandika pasipo pake nayo huleta vurugu kama hiyo, ndiyo maana lazima upime. Herufi M kwenye mstari wa "Tainted" ni ushahidi mzito zaidi: prosesa yenyewe imeripoti hitilafu ya vifaa.

Zima XMP, mpangilio unaoongeza kasi ya RAM, kwanza kwenye BIOS. RAM nyingi zinazoitwa mbovu zinakimbizwa tu kupita uwezo wake. Kisha weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache usiku kucha, angalau mizunguko minne. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Pima kipande kimojakimoja katika sloti ileile, halafu hamisha kilicho kizima sloti hadi sloti, maana wakati mwingine mgonjwa ni sloti. Safisha miguu ya RAM kwa pombe ya isopropili. Ufutio wa penseli, ambao mafundi wengi wanaupenda, unaweza kukwangua dhahabu.

RAM ikipita lakini mashine inazimika ikipewa kazi nzito, geukia pawa saplai. Laini ya volti 12 ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Mita ya kawaida haioni mshuko wa ghafla, kwa hiyo kuazima pawa saplai nzima ni kipimo bora. Kwa diski ya SATA, endesha `smartctl -a`: namba 199 (hesabu ya makosa ya mawasiliano) ikiendelea kupanda, badilisha kebo kabla ya diski.

Na laptopu ambayo RAM yake imechomelewa? Chukua anwani iliyotolewa na Memtest86+, uifungie kerneli eneo hilo kwa kigezo cha kuwashia, mfano `memmap=1M$0x12a00000`. GRUB, programu inayopakia kerneli, huila alama ya $ usipoitanguliza mikwaju ya nyuma (\), basi ukishawasha, soma `/proc/cmdline` uone imefika nzima.