Kibo juu ya paa, Minnesota

Mchaga wa Marangu ukimuuliza Krismasi atakuwa wapi, atakushangaa. Nyumbani, kwani kuna kwingine? Nauli ipande, basi lijaze, watu wanakwenda tu. Hii ni Desemba ya sita mimi sijaenda. Niko Minnesota, kaskazini mwa Minneapolis, ambako katikati ya mwezi huo jua linazama saa kumi na nusu jioni. Kazi yangu ni ya ghalani, zamu ya usiku. Zipo siku za majira haya nalala jua likichomoza na kuamka limeshazama.

Desemba ya kwanza, nikielekea kituo cha basi, nilipita mbele ya nyumba moja ambayo taa zake zilikuwa zikifuata muziki. Ngoma ikipigwa, paa lote linawaka. Mwimbaji akishusha sauti, mti wa uani unafifia taratibu, kama mtu anayeteremsha utambi wa kandili. Basi likanipita. Kuwasha na kuzima si ajabu, swichi inatosha. Lakini kufifisha balbu ya umeme wa ukutani, kwa amri ya kompyuta, sawasawa na wimbo? Hilo lilininyima usingizi.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Moshi mjini. Likizo zote za shule nilikaa pembeni ya meza yake nikichomoa rezista na kapasita kwenye redio zilizokufa, yeye akizitia kwenye zinazougua. Tangu nifike huku mikono yangu ilikuwa imeshika maboksi tu. Nikanunua vifaa vya kulehemu, na risasi ilipoyeyuka na kutoa ule moshi wake, nilirudi palepale mezani kwa mjomba.

Siri ya kufifisha ni kifaa kinachoitwa triaki. Kichukulie kama mlango: ukiufungua, unabaki wazi mpaka mkondo ushuke hadi sifuri, kisha unajifunga wenyewe. Umeme wa huku ni volti 120, hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde, na kila wimbi linapita kwenye sifuri mara mbili, kwa hiyo mara 120 kila sekunde. Kila nusu ya wimbi ina milisekunde 8.3. Ukifungua mlango mapema balbu inang'aa, ukichelewa inafifia. Kazi ya kuhesabu huo muda niliipa kibao cha Arduino, kikompyuta kidogo cha kuamuru vifaa, kompyuta ikawa inakipelekea namba nane tu, moja kwa kila mstari wa taa. (Fundi uliyeko nyumbani, kwetu ni volti 230 na hezi 50, nusu wimbi ni milisekunde 10. Usinakili hesabu zangu kama zilivyo.)

Lakini huwezi kuunganisha kompyuta na umeme wa ukutani moja kwa moja, utaiunguza na wewe mwenyewe utapigwa. Katikati kunakaa kidude cha miguu sita ambacho nakipenda kuliko vyote. Ndani yake upande mmoja kuna kitaa kidogo, upande wa pili kuna jicho linalohisi mwanga. Kibao kinawasha kitaa, jicho linaona, triaki inafunguka. Hakuna waya unaovuka baina yao, ni mwanga peke yake. Mimi nilianza kwa kununua cha aina ya MOC3041, na usiku mbili mfululizo balbu zikawaka na kuzima bila kufifia hata kidogo. Nilirudia kulehemu kila kiungo, nikapima kila mguu. Kumbe 3041 imetengenezwa isubiri sifuri ndipo ifungue, kwa hiyo haiwezi kuchelewesha. Inayotakiwa ni MOC3021. Nilipoibadilisha, balbu ya kwanza ilishuka polepole mpaka giza, ikapanda tena, nami nikamwamsha mke wangu aje aone.

Kazi hii ilianza kwa mikono tangu mwanzo. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Edison, alifunga balbu 80 kwenye mti wa Krismasi nyumbani kwake New York, nyekundu, nyeupe na bluu. Siku hizi kuna taa ambazo kila moja ina ubongo wake, WS2811. Waya mmoja wa data unapita kwenye zote, kila taa inachukua namba zake tatu za rangi na kupitisha zilizobaki. Kila taa inachukua sehemu 30 za milioni za sekunde, hivyo taa 800 zinamalizika kwa milisekunde 24, na picha inabadilika mara 40 kwa sekunde bila kukwama. Nikafunga 800 juu ya paa: safu 16, kila safu taa 50. Programu ni xLights, ya bure, na kibao ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja.

Zilipowaka mara ya kwanza zilikuwa zinatetemeka ovyo, rangi zinarukaruka kama zina homa. Nikadhani ni baridi, nikadhani ni shoti. Testa ndiyo iliyosema ukweli: Raspberry Pi inatoa volti 3.3 kwenye data, na taa za volti 5 zinahitaji angalau 3.5 ndipo ziamini kwamba hiyo ni moja na si sifuri. Chipu ya 74HCT245 katikati, ya kupandisha hadi 5, ikamaliza maneno. Mwangaza nao niliushusha hadi asilimia 30, kwa sababu taa zote zikiwaka nyeupe kamili zinavuta karibu ampia 48.

Picha niliyoichora ni mlima kama unavyoonekana kwetu: Kibo kushoto, Mawenzi kulia, anga ya bluu nyuma. Mama yuko mbele yetu kwa saa tisa, kwa hiyo niliziwasha saa kumi na mbili asubuhi nikitoka kazini, bado giza totoro, kwake ikiwa saa tisa alasiri. Nikasimama kwenye theluji na simu mkononi, binti yangu kanishika koti.

Mama alitazama kimya. Halafu akasogeza uso karibu na simu.

"Mwanangu, mbona theluji umeiweka kidogo hivyo?"

"Ndivyo ilivyo siku hizi, mama. Nimefuata picha ya mwaka huu."

"Mimi nikiwa msichana haikuwa hivyo. Ilishuka."

Nikaingia ndani, nikafungua kompyuta, nikageuza safu moja kuwa nyeupe. Binti yangu alibaki nje na simu, akimwonesha bibi yake. "Bado," nikasikia. Nikaongeza ya pili. "Bado, shusha." Ya tatu.

"Hapo," mama akasema. "Hapo hapo. Usiiguse tena."