Tasnifu ya binti yule, na programu niliyoipakua usiku

Steshenari yangu iko Mabibo, mwendo wa dakika chache kutoka hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kubana vitabu. Msimu wa tasnifu ukifika, foleni inatoka mlangoni mpaka kwenye meza ya muuza chipsi jirani.

Msimu mmoja wa namna hiyo nililia mbele ya mteja.

Alikuwa binti wa mwaka wa tatu. Alikuja jioni na flashi, akaniomba nimpangie ukurasa wa yaliyomo na pambizo, atapita kesho asubuhi. Nikamwambia aniachie flashi humo humo kwenye mashine. Usiku, nikiwa bado dukani kwa sababu bando la usiku ni nafuu, nikakumbuka kuna mteja mwingine alitaka nimrekebishie tarehe kwenye PDF. Programu niliyoijua ya kazi hiyo inauzwa kwa dola. Nikaingia kutafuta ya bure, nikaangukia tovuti yenye vitufe vikubwa vya kijani, kila kimoja kinasema pakua hapa. Nikapakua faili la zip lenye nywila 1234, na ndani yake karatasi ya maelekezo. Mstari wa kwanza ulisema: zima antivairasi kabla ya kusakinisha.

Nikazima. Hapo ndipo nilipokosea, na naandika haya kwa sababu kila wiki naona mtu mwingine akifanya hivyo hivyo.

Nilipolifungua lile faili, likatokea dirisha linalofanana kabisa na lile la Windows inapojisasisha. Nikaliacha lifanye kazi yake, nikafunga duka. Asubuhi nawasha mashine, ikoni zote nyeupe. Kila faili limeongezewa mkia wa herufi nne mwishoni, na kila folda ina faili jipya linaloitwa _readme.txt. Nikalifungua. Mafaili yako yamefungwa kwa siri, ukitaka ufunguo lipa dola 980, ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72 utalipa 490. Baadaye nilijifunza kuwa familia hii ya virusi inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, na njia yake kubwa ya kuenea ndiyo hiyo hiyo, programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Flashi ya binti ilikuwa bado imechomekwa. Nayo ilikwenda.

Alipofika sikuwa na la kumwambia. Nilimwonyesha tu skrini. Alikuwa na nakala kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi wake wiki kadhaa nyuma, lakini sura mbili za mwisho hazikuwemo. Kilichobaki cha sura hizo ni karatasi alizoziprinti kwangu, zimejaa peni nyekundu ya msimamizi mpaka maneno mengine hayasomeki. Nilizichapa zote upya, usiku tatu, bila senti. Yeye alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki akinisomea yale yasiyosomeka. Fundi akaja kunipigia Windows upya. Mafaili ya wateja wengine hayakurudi hadi leo.

Tangu siku ile nasakinisha hivi. Jina la tovuti ya mtengenezaji nalichapa mwenyewe juu kabisa kwenye kivinjari, maana ukitafuta, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa na yeyote anaweza kulipa. VLC, programu ya kuchezea video, ile ya koni ya barabarani, naichukua videolan.org. Ni kazi iliyoanzishwa na wanafunzi huko École Centrale Paris mwaka 1996, na mpaka leo ni bure kabisa. Yeyote anayekutaka uilipie hiyo anakuibia.

Faili likishashuka nachomoa flashi zote, ndipo nalibofya. Skrini inafifia, linatokea dirisha linalouliza kama unaruhusu programu ibadilishe mambo kwenye kompyuta. Wengi hapa wanabofya Yes kabla hata ya kusoma, kama mtu anayeitikia salamu. Nakuombeni mlisome. Kwenye Windows 10 yangu likiwa na ukanda wa bluu, limeandikwa jina la mtengenezaji aliyethibitishwa, na kwa VLC utasoma VideoLAN. Likiwa na ukanda wa njano na neno "Unknown", maana yake Windows haimjui aliyelitengeneza.

Njano si lazima iwe virusi. 7-Zip ya Igor Pavlov, ninayofungulia mafaili ya zip na rar, haina saini ya kumthibitisha mtengenezaji, kwa hiyo huleta njano, ila nimeichukua 7-zip.org, chenye kistari katikati, na uzito wake ni kama MB moja na nusu tu. Lakini njano kutoka tovuti ya vitufe vya kijani nafuta papo hapo. Na maelekezo yakiniambia nizime antivairasi, sihitaji kusoma mstari wa pili.

Kitu kinachoniuma mpaka leo ni hiki: kazi ya usiku ule ingefanywa na LibreOffice, programu ya ofisi inayotengenezwa na The Document Foundation. Ndani yake kuna Draw, ukiifungulia PDF inakupa maandishi vipande vipande, unabofya tarehe, unabadilisha, unahifadhi. Ukurasa wenye mapambo mengi unaweza kuvurugika kidogo, ila tarehe moja ni kazi ya dakika mbili. Ni bure, na inafungua mafaili ya Word. Nikiiweka kwa mtu naiseti kabisa ihifadhi kwa docx, muundo wa Word, asije akapeleka faili la odt, muundo wa LibreOffice yenyewe, kwa mwalimu likamsumbua.

Juzi kijana ameingia na laptopu mpya ya mtumba kutoka Kariakoo. "Shikamoo mama, naomba uniwekee Ofisi ya kukraki, nitakupa elfu tano." Nikamwitikia, nikamwambia ya kukraki siweki, ila nina nyingine, hiyo LibreOffice. Ni kama MB 350, nimeshaipakua kwenye tovuti yake na kuihifadhi kwenye flashi, kwa hiyo bando lake halikuguswa. Nikamwachia kipanya afanye mwenyewe. Skrini ilipofifia akataka kubofya, nikamshika mkono. Soma kwanza hapo, baba. Akasogeza uso karibu, akasoma taratibu kwa sauti: The Document Foundation. Kisha akanigeukia, akauliza, "Ndio wenyewe?"

Nikamwambia ndio wenyewe. Akabofya.