Nilivyogombea bodi ya shule huku Minnesota, Marekani

Kiti cha bodi ya shule, yaani baraza linalosimamia shule za umma za wilaya nzima ya shule, hakina chama, na kwenye karatasi ya kura kinakaa mwishomwisho, mara nyingi upande wa nyuma. Watu humpigia rais, humpigia mbunge, halafu huchoka. Kampeni yangu ya 2024 niliipanga kwa swali moja: mpiga kura atafikaje kwenye jina langu?

Kujiandikisha kugombea si kazi ngumu. Uwe raia mwenye haki ya kupiga kura (grinikadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, haitoshi), uwe umetimiza miaka 21 siku ya kuanza kazi, na uwe umeishi ndani ya wilaya ya shule siku 30 kabla ya uchaguzi. Fomu ya kiapo ya kugombea hupelekwa kwa karani wa wilaya ya shule pamoja na ada ya dola 2. Angalia tarehe mapema. Mwaka ule, wilaya zisizo na mchujo (uchaguzi wa awali wa kupunguza wagombea) zilipokea fomu kuanzia Julai 30 hadi Agosti 13, saa 11 jioni. Zenye mchujo zilikuwa zimeshafunga tangu mwanzoni mwa Juni. Kwenye fomu andika jina unalojulikana nalo mtaani, na hilohilo liende kwenye mabango.

Kwenye pesa ndipo wahamiaji wenzetu wengi huteleza, kwa kuwa tumezoea harambee. Kwenye wilaya yenye watu wasiozidi 100,000, mtu mmoja hawezi kukuchangia zaidi ya dola 600 katika mwaka wa uchaguzi, na kampuni hairuhusiwi kuchanga hata senti. Jamaa mwenye biashara ya kutunza wazee akikuletea hundi yenye jina la kampuni, mrudishie aandike ya akaunti yake binafsi. Kanisa na msikiti usiwaombe mchango wala tamko la kukuunga mkono, unaweza kuwaponza na mamlaka ya kodi. Ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 750 kwa mwaka, una siku 14 za kupeleka ripoti ya kwanza ya fedha za kampeni. Mimi nilifungua akaunti ya kampeni peke yake na kila risiti niliipiga picha papo hapo. Uchaguzi ukiisha, ndani ya siku 7 unathibitisha kwa maandishi kwamba ripoti zote zinazotakiwa zimepelekwa. Bila hiyo, aliyeshinda hapewi cheti cha ushindi.

Kila kipeperushi lazima kitaje aliyekiandaa na kukilipia, pamoja na anwani, kwa herufi zisizopungua pointi 8. Hakikisha hilo kabla mchapishaji hajawasha mashine. Na usikitie kwenye sanduku la barua: sheria ya posta hairuhusu kitu kisicho na stempu. Kibane mlangoni.

Watu wetu wengi wanaishi kwenye maghorofa, na hapo wagombea wengi hukata tamaa kwa sababu lango limefungwa. Nilitembea na nakala ya kifungu 211B.20 cha sheria za Minnesota: mwenye jengo haruhusiwi kumzuia mgombea na wasaidizi anaoandamana nao kugonga milango. Anaweza kudai kitambulisho, miadi na saa za kawaida. Nilimpigia msimamizi siku chache kabla, kwa adabu, na kifungu nilikitaja pale tu alipokataa.

Mlangoni, hotuba haina faida. Nilichapa mfano wa karatasi ya kura, nikaigeuza nyuma, nikaweka kidole penye jina. Kisha nikaeleza maneno yanayowachanganya wengi: “chagua hadi watatu” haina maana lazima uchague watatu. Ukimpigia mmoja tu, kura yako ni halali, tena hujamwongezea mpinzani wake. Wazazi watakulalamikia mwalimu fulani, usiahidi kumfukuza. Bodi huajiri mkuu wa wilaya ya shule, hupitisha bajeti na hutoza kodi ya majengo. Ya darasani yana ngazi zake.

Siku ya kura, asiyejiandikisha anaweza kujiandikisha palepale kituoni, na mpiga kura wa eneo hilohilo anaweza kuwadhamini hadi watu 8 kuhusu makazi yao. Fulana yenye jina lako ivuliwe nyumbani, maana kampeni ni marufuku kituoni na ndani ya futi 100 za jengo.

Ukishinda, unaanza kazi Januari, na sheria inakupa siku 180 kumaliza mafunzo ya fedha na uendeshaji wa shule. Usisubiri zote. Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 hupitishwa kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo unaweza kujikuta unaipigia kura kabla hujajifunza kuisoma.